Mtunzi Akizeeka: Jibu kwa Aliyeniuliza Kama Kipaji Kinakauka

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kutoka Morogoro. Anapiga gitaa kwenye bendi ya hotelini, umri umeshavuka arobaini, na tangu mwaka juzi hajamaliza wimbo hata mmoja. "Shikamoo mzee. Hivi ni kweli utunzi una umri wake? Wenzangu wananiambia niwaachie vijana." Nilicheka peke yangu, maana hata mimi niliwahi kuambiwa hivyo, tena usoni, na kijana ambaye wazazi wake walichumbiana kwa nyimbo zangu. Namjibu hapa hadharani kwa sababu najua mpo wengi mnaojiuliza hilo na mnaona haya kuuliza.

Kutunga nilianzia Tanga kabla sijaota ndevu. Miaka ya themanini nikaja Dar es Salaam kushika gitaa la rithimu kwenye bendi. Enzi zile hukurupuki na wimbo ukapanda nao jukwaani. Unakuja nao mazoezini, umeuandika kwenye daftari la shule, unauimba mbele ya wanaume ambao hawajanywa chai. Wimbo wangu wa kwanza ulikuwa na beti tano, na nilikuwa nimeukariri kama dua. Nilipomaliza, mpiga solo wetu, mtu mzima na mkali, akaliweka gitaa magotini akaniuliza: "Huyu mwanamke unayemlilia, kakukosea nini?"

Nikakosa jibu.

"Basi na mimi sijui nipige nini."

Nikarudi Magomeni nikaufumua usiku kucha. Beti mbili zikaondoka, ya tatu ikapata kisa: mwanamke kauza cherehani aliyoachiwa na mama mkwe. Kesho yake mpiga tumba akasema kibwagizo ni kirefu, wacheza dansi watakata pumzi. Nikakata tena. Hapo bado Radio Tanzania kule Barabara ya Pugu, ambako mashairi yalipitiwa kabla hamjaruhusiwa kurekodi. Neno langu moja likaonekana lina utata, likatoka. Mkishapita hapo, mnarekodi bendi nzima kwa mpigo. Akiteleza mmoja, mnarudia wote. Wimbo ule nausikia mpaka leo nikipita baa moja ya Temeke, na kuna watu wazima wanaufuata neno kwa neno bila kujua aliyeutunga amekaa meza ya jirani anakula mishikaki.

Sasa mtazame mtunzi huyohuyo akiwa na miaka hamsini na kitu. Bendi imesambaratika, au ipo lakini mazoezi yamekufa, watu wanakutana jukwaani tu. Yuko sebuleni na simu. Anaimba, anajirekodi, anajisikiliza, anajisifu. Anatuma kwenye kundi la WhatsApp la wanamuziki wakongwe, anapata vidole gumba kumi. Nani atamuuliza mwanamke kakukosea nini? Ukishakuwa na jina na mvi, shikamoo zinakuwa nyingi na ubishi unakwisha. Kwa nilivyoona mimi, wazee wengi wanaoambiwa wamekauka wamekosa mbishi tu.

Mtazameni Franco Luambo, yule mwanamuziki wa Kongo. Alizaliwa 1938, na bendi yake ya OK Jazz ilipoanzishwa 1956 alikuwa hajafika hata miaka ishirini. Wimbo wake "Mario" ameutoa 1985, anaikaribia hamsini. Kisa kile cha kijana anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri, kijana wa miaka kumi na tisa angekitunga vipi? Angekipata wapi? Lakini angalieni pia Franco alikuwa na nini mwaka huo: bendi kubwa iliyojaa watunzi wengine, kila mmoja anataka wimbo wake ndio upigwe. Ukiwa na mtunzi kama Simaro Lutumba pembeni hulali.

Mtaniambia, mbona mwanamuziki wetu Marijani Rajabu aliutunga wimbo wa "Zuwena" akiwa bado kijana, tena una busara ya mzee? Kweli. Sikatai kwamba wapo waliowahi. Ila Marijani alizaliwa 1955 akafariki 1995. Mbaraka Mwinshehe, mtunzi na mpiga gitaa, alituacha Januari 1979, hata miaka 35 hajafikisha. Hawa hatukuwahi kuwasikia wakiwa wazee, na ndio tunaowatumia kuwapimia wazee walio hai. Hiyo ni haki? Tena msinitajie Bi Kidude, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, kunisaidia, kila mtu ananitajia Bi Kidude. Kuimba aliimba mpaka uzeeni, hakuna ubishi, lakini nyimbo nyingi alizojulikana nazo alizirithi kwa Siti binti Saad, mwimbaji aliyemtangulia. Tunaongelea kutunga.

Halafu kuna nyinyi wasikilizaji. Niliwahi kupanda jukwaani usiku wa zilipendwa, ukumbi umejaa, nikapiga tatu za zamani, watu wanaimba mpaka mishipa ya shingo inawatoka. Nikasema, "Sasa nawaletea mpya." Hapo hapo viti vikaanza kuburuzwa. Wengine chooni, wengine kaunta, mmoja akapiga kelele nirudie ile ya kwanza. Ni wimbo mzuri, naapa, mpaka leo nasema ni mzuri. Ukifanyiwa hivyo mara kadhaa, daftari unalifunga mwenyewe, kisha watu wanasema kipaji kimekwisha.

Yule kijana niliyemtaja mwanzo ni prodyuza. Nilimpelekea wimbo, akausikiliza nusu huku anachezea simu, akaniambia, "Mzee, mistari yako ya kizamani. Siku hizi watu hawataki stori." Nililipia muda wa studio nikaondoka. Iliniuma, na bado inauma, sitawadanganya. Lakini nilipofika nyumbani sikulala na uchungu. Nilimtafuta binti mmoja anayeimba kwenye maharusi, ana sauti na ana mdomo. Wiki ya kwanza akaniambia beti ya pili inamtukana mwanamke bila sababu. Tukagombana. Akaniambia pia hakuna binti wa leo anayesubiri barua. Nikabadilisha barua, stori nikaibakiza. Mwezi uliopita ameuimba kwenye harusi Mbagala, mama wa bwana harusi akaja kumtunza mara mbili, na video yake watu wanatumiana mpaka mimi mwenyewe nimeletewa na jirani: "Mzee, umeusikia wimbo huu?"

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Morogoro, sikiliza. Tafuta mbishi. Asiwe mkeo, asiwe mtu unayemlipa mshahara. Akiwa mdogo kwako ni bora zaidi, ila mwambie kabisa kwamba heshima iishie kwenye salamu. Muimbie wimbo haujakamilika, ukiwa bado unauonea aibu. Akikubishia, usimweleze wewe umeanza muziki lini. Sauti yako itashuka, hilo halina dawa, basi shusha ufunguo wa wimbo au mpe mwingine aimbe. Simaro alimpa mwimbaji Sam Mangwana aimbe "Mabele" mwaka 1974 na jina la mtunzi halikupotea. Na rudisha mazoezi hata kama mko wawili. Narudia, mazoezi. Vijana mnaosoma hapa mkidhani hayawahusu, mngoje. Mnaotunga peke yenu mbele ya kompyuta mmeshaanza kuzeeka mapema, na hakuna anayewaambia kwa kuwa mna wafuasi wengi.

Nitumie huo wimbo ulioshindwa kuumaliza. Nitakubishia bure.

Prodyuza naye alinipigia juzi, anauliza kama ule wimbo wa harusini haki zake bado ziko kwangu. Ziko kwangu. Nimemwambia anitajie bei, na safari hii ausikilize wote kwanza.