Kivuli kifupi cha Kigoma: kwa walimu wa ajira mpya

Wiki iliyopita nilipita karibu na dirisha la darasa la pili, nikamsikia mwalimu wa ajira mpya, kijana ninayempenda kwa bidii yake, akiwakaririsha watoto kwamba kivuli huwa kifupi kuliko vyote saa sita kamili mchana. Andalio lake la somo lilikuwa safi, lakini hapa Kigoma jambo hilo si kweli, na nje ya mlango jua lilikuwa linawaka. Kosa hili naliona kila mwaka, nami nililitenda kabla yenu.

1. Pimeni wenyewe kabla ya kufundisha. Katika mwaka wangu wa tatu kazini, mwezi wa Julai, nilisimika ufito wa mita moja uwanjani, nikawatoa watoto nje saa sita kamili, nikachora mstari kwenye ncha ya kivuli na kutangaza kwamba siku hiyo hakitakuwa kifupi zaidi ya hapo. Binti mmoja hakuondoka na wenzake, kwa kuwa alikuwa akimsubiri dada yake wa darasa la sita, na katika kusubiri huko akakipima tena kivuli kwa kamba ya mgomba. Saa saba na dakika chache alikuja ofisini na kamba yenye mafundo mawili, moja la saa sita na jingine la wakati ule, na kati yake palikuwa na nafasi ya upana wa kiganja. Nilimwambia amepima vibaya. Kesho yake nilimsimamisha mbele ya darasa, nikalikata jibu lake kwa wino mwekundu, nikamwamuru aandike upya sentensi yangu. Tangu hapo hadi shule ilipofungwa, kila nilipomuuliza swali alinitazama usoni kwanza kabla ya kukitazama kitu nilichomwonyesha.

Likizo ya Desemba, siku ambazo mvua iliniruhusu, nilipima kivuli kila baada ya robo saa, nikakuta kinafupika hadi karibu na saa saba. Saa zetu hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, inayopita karibu na Mogadishu, ilhali Kigoma ipo karibu na nyuzi 30. Na kwa kuwa dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, jua hufika kileleni kwetu likiwa limechelewa takriban saa nzima. Binti yule alikuwa amekwisha kuhama na wazazi wake, na sikupata nafasi ya kumrudishia alama yake.

2. Watoto wasilitazame jua lenyewe. Wageuzeni migongo, wakitazame kivuli.

3. Mwezi msiuanzie ubaoni. Nilipowauliza watoto wa darasa la awali wanajuaje kwamba mwezi umekuwa mkubwa, mmoja alijibu, "Baba analala nyumbani." Wavuvi wa dagaa hupumzika wakati wa mbalamwezi, kwa sababu taa zao hazivuti dagaa vizuri ziwa linapong'aa, kwa hiyo mtoto huyo alikuwa na kalenda kabla ya kujua kuhesabu hadi thelathini. Mpeni kokoto moja kwa kila usiku, kuanzia hilali inapoonekana juu ya milima ya Kongo hadi hilali nyingine, naye atapata 29 au 30.

4. Nyota ni kazi ya nyumbani pamoja na bibi au babu. Mwezi wa Novemba, Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, huonekana mashariki tangu usiku unapoingia, wakati ambao watu wako mashambani na mvua, na wazee watawaeleza watoto mengi kuliko kitabu cha kiada.

5. Katika azimio la kazi, tengeni siku mbili. Takriban tarehe 8 Machi na tarehe 6 Oktoba jua hupita utosini mwetu, na ufito uliosimama wima hupoteza kivuli chake: Machi ni kama saa 7:12 mchana, Oktoba ni kama saa 6:49. Tokeni nusu saa kabla, mkiwa na kamba, na fundo la kwanza lifungwe na mtoto.