Maswali ya Wasomaji: Ndege Inanguruma, Lakini Haipandi Wima

Mwezi huu tumechagua barua tatu kuhusu ndege ndogo za umeme zilizojengwa kwa foamu, zile zinazoongozwa kwa rimoti na kufanyishwa michezo ya angani. Barua ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu kosa linaloelezwa humo tumeliona kwa wajenzi wengi, na karibu kila mara mjenzi hushauriwa tiba isiyo yake.

SWALI: Salaam, mhariri. Mimi ni fundi wa redio na simu hapa Njiro, Arusha. Nimejenga ndege ya michezo kwa kufuata ramani ya mjenzi wa Uholanzi. Bawa lina sentimita 100 kutoka ncha hadi ncha na upana wa wastani wa sentimita 25. Nimefunga mota ya 2212, kidhibiti mwendo cha amperi 30, propela ya inchi 10 kwa 4.7, na betri ya lithiamu ya seli 3 yenye mAh 2,200 (kipimo cha umeme inaoweza kubeba). Ramani inataka foamu ya milimita 6 na betri ya mAh 1,300, lakini dukani nilipata foamu ya milimita 10 tu, na betri kubwa niliichagua ili niruke muda mrefu. Nilitumia gundi ya epoksi, nikapaka rangi ya mafuta, kisha nikafunga nati za gramu 30 puani kwa sababu mkia ulikuwa mzito. Ramani inasema ndege iwe na gramu 620. Yangu ina gramu 905. Inaruka, lakini nikiielekeza pua juu hupanda mita chache, husimama, halafu huanguka. Na nikipunguza mwendo ili itue, bawa moja huinama ghafla. Nimevuta mkia kwa mizani ya kuning'inia nikapata msukumo wa gramu 780. Rafiki zangu wanasema Uholanzi iko usawa wa bahari na sisi tuko mlimani, kwa hiyo ninunue mota kubwa. Ni kweli?

JIBU: Ndugu fundi, tafadhali usinunue mota. Jibu la swali lako umekwisha kulipima kwa mkono wako mwenyewe, na tunakupongeza kwa kupima, kwani wengi hukisia.

Rafiki zako wana sehemu ya ukweli. Arusha iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, na hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 12. Propela hupata msukumo kwa kusukuma hewa nyuma, na bawa hunyanyua kwa kukata hewa. Kwa hiyo hewa ikipungua uzito, vyote viwili hupungua nguvu. Lakini hebu tuipeleke ndege yako Dar es Salaam kwa hesabu tu. Ukigawanya gramu 780 kwa 0.88 unapata kama gramu 886, na hata hizo ni nyingi kuliko hali halisi, kwa maana katika hewa nzito mota huelemewa na kupunguza mizunguko kidogo. Ndege yako ina gramu 905. Hata ukiirusha ufukweni Kigamboni, bado msukumo hautafikia uzito, na ndege ambayo msukumo wake haufikii uzito wake haiwezi kupanda wima kwa nguvu ya mota, wala kusimama hewani kwa mkia. Sasa chukua msukumo uleule wa Njiro, gramu 780, uupe ndege yenye gramu 620 kama ramani ilivyotaka: msukumo unakuwa mara 1.26 ya uzito, na ndege itapanda wima bila kusita, hapohapo Arusha.

Kutua nako kunasema jambo hilohilo. Mwendo wa chini kabisa ambao bawa linaweza kubeba ndege hubadilika kwa kipeuo cha pili cha uzito, yaani kwa mzizi wake wa mraba. Wembamba wa hewa ya Arusha unakuongezea mwendo huo kwa asilimia 6 au 7, lakini uzito uliozidi unakuongezea asilimia 21. Wewe unapunguza mwendo kama ramani inavyoelekeza, kumbe bawa lako lilikwisha kuishiwa na nguvu ya kunyanyua kabla hujafika hapo, na upande mmoja huachia kabla ya mwenzake. Ndiyo sababu bawa linainama ghafla.

Gramu 285 zilizozidi ramani zimeingilia wapi? Ndege ya ukubwa wako hutumia karibu nusu mita ya mraba ya foamu. Foamu ngumu ya mbao za kuzuia joto ina karibu kilo 33 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo tofauti ya milimita 6 na 10 ni kama gramu 65. Betri ya mAh 2,200 huizidi ile ya 1,300 kwa gramu nyingine kama 65. Nati ni 30. Zinazobaki, gramu 125 hivi, ni epoksi, rangi, na pengine miguu ya magurudumu uliyoikunja kwa waya mzito.

Nati hizo zastahili maneno zaidi, kwa sababu ndizo zinazoonyesha jinsi uzito unavyozaa uzito. Mkia wa ndege kama yako uko karibu sentimita 60 nyuma ya kitovu cha uzito, ilhali pua iko sentimita 20 tu mbele yake. Ni mzani wa dukani wenye mkono mmoja mrefu: kila gramu moja ya gundi au rangi uliyoiacha mkiani inadai gramu tatu puani ili ndege isawazike. Nati zako 30 ni malipo ya gramu 10 tu za mkiani, ambazo pengine ni matone ya epoksi yaliyotiririka penye kiungo cha eleveta (kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua) na hukuyafuta. Mjenzi mzuri wa ndege za foamu hutambuliwa kwa mkia: sisi tunapoletewa ndege tuitazame, hapo ndipo tunapoanza.

Shauri letu ni uvitoe vifaa vyote vya umeme kama vilivyo, ujenge ndege mpya. Ni kazi ya siku mbili kwa mtu mwenye mkono wa fundi. Kama foamu ya milimita 6 haipatikani, kata ile ya 10 iwe nyembamba kwa waya wa moto uliovutwa kwenye upinde, ukiuongoza juu ya vibao viwili vyenye unene sawa. Epoksi itumie kwenye kibao cha mota na mahali bawa linapoingia kiwiliwilini tu, kisha pangusa yote iliyofurika kabla haijakaza, kwa maana gundi iliyo nje ya kiungo haishiki kitu. Supaglu ya kawaida usiikaribishe kabisa, kwani huyeyusha foamu ya aina yako ikaacha shimo. Bawaba za eleroni (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege kushoto au kulia), eleveta na usukani wa mkia zitengeneze kwa utepe wa plastiki, ukiwa umekata ukingo wa foamu kwa mshazari wa nyuzi 45 ili kipande kicheze kwa uhuru. Rangi iache, michirizi ya kalamu ya wino mzito yatosha.

Kitu kimoja usikipunguze hata kama unahesabu gramu: ukakamavu wa bawa. Weka ufito wa kaboni wa milimita 3 kutoka ncha hadi ncha, na utegemeze kiwiliwili kwa vijiti vya mianzi, hata vile vya mishikaki, vilivyopangwa kwa pembetatu. Bawa la foamu lisilo na ufito hujipinda eleroni inapofanya kazi, na kwa mwendo mkubwa laweza kujipinda kiasi cha kuipeleka ndege upande usioutaka.

Ukimaliza hayo yote na ukatamani nguvu zaidi, mwinuko wa Arusha utakuruhusu kujaribu propela ya inchi 11, kwa sababu hewa nyepesi haiilemei mota sana. Pima kwanza mkondo wa umeme kwa kasi ya juu kabisa kwa sekunde chache, na usikubali uikaribie ile 30 ya kidhibiti chako, wala kikomo ambacho mtengenezaji ameiwekea mota yenyewe.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano hapa Moshi. Ndege yangu ya foamu ina upana wa bawa wa sentimita 25 na inaruka vizuri ikiwa kawaida. Nikiizungusha ikalala chali huanza kuteremka, nami nikivuta kijiti huchimba ardhi. Nimevunja pua mara mbili. Pia inaponijia, mkono wangu hupotea: nataka kushoto, inaenda kulia.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa pua mbili hizo.

Ndege ikiwa chali, eleveta inayoinua pua huielekeza pua hiyo ardhini, kwa kuwa juu ya ndege sasa kunatazama chini. Kwa hiyo kuvuta kijiti ukiwa chali ni kuiamuru ndege ianguke. Mkono wako lazima uzoee kusukuma kijiti mbele kidogo, na ukichanganyikiwa usivute kamwe: malizia mzunguko kwa eleroni mpaka ndege irudi sawa. Kabla ya kuzungusha, inua pua kidogo juu ya upeo wa macho, toa eleroni yote upande mmoja, sukuma eleveta kidogo inapopita chali, kisha achia. Panda kwanza hadi mara tano ya urefu wa mgrivea mrefu unaoujua, ili ukikosea uwe na nafasi ya kufikiri. Pyotr Nesterov, rubani wa jeshi la Urusi aliyekuwa wa kwanza kuizungusha ndege duara wima mjini Kyiv tarehe 9 Septemba 1913, naye aliutafuta kwanza urefu, ndipo akaanza.

Kama unalazimika kusukuma sana ndipo ndege chali isishuke, basi pua ni nzito. Anza na kitovu cha uzito kwenye sentimita 7 kutoka ukingo wa mbele wa bawa, yaani asilimia 28 ya upana wake. Halafu fanya jaribio hili: panda kwa mshazari wa nyuzi 45, ilaze ndege chali, uachie eleveta. Ikiendelea na mstari wake, au ikiinamisha pua polepole, iko sawa. Ikiinamisha pua haraka, sogeza betri nyuma milimita 3 ujaribu tena. Usiruke hatua, maana pua nyepesi kupita kiasi ni hatari kuliko pua nzito.

Inapokujia, sukuma kijiti cha eleroni upande ule ambao bawa limeinama, kana kwamba unaliegemeza lisianguke. Kanuni hiyo haishindwi ndege inapokutazama. Chora pia michirizi mipana chini ya bawa na uache juu peupe, kwa sababu dhidi ya mawingu ya Kilimanjaro ndege nyeupe hugeuka kivuli, na kivuli hakionyeshi tumbo wala mgongo.

SWALI: Betri yangu ya lithiamu imevimba baada ya kuruka. Naweza kuitoboa hewa itoke niendelee kuitumia? Na je, naweza kurusha ndege kwenye kiwanja wazi upande wa Kisongo? Msomaji, Arusha.

JIBU: Usiitoboe. Gesi hiyo huweza kuwaka, na seli iliyopata tundu huweza kushika moto mkononi mwako. Betri iliyovimba imekwisha kazi: ipeleke nje mbali na nyumba, uifungie balbu ya indiketa ya gari ya volti 12 mpaka mwanga uzimike kabisa, kisha uzibe nyaya zake kwa utepe. Mara nyingi uvimbe hutokana na kuruka mpaka ndege ishindwe. Seli iliyojaa ina volti 4.2, tua ikiwa bado ina kama 3.7 baada ya kupumzika, na usiiache ishuke chini ya 3.0. Ukiiweka zaidi ya siku mbili tatu, iache kwenye 3.8. Chaji betri ya mAh 2,200 kwa amperi 2.2, ndani ya chungu cha udongo kilicho juu ya sakafu tupu, nawe ukiwa karibu. Na umeme ukikatika kisha ukarudi, kagua upya idadi ya seli kwenye chaja kabla ya kuendelea.

Kuhusu Kisongo, hapana. Uwanja wa Ndege wa Arusha uko hapo, na ndege zinazobeba watalii kwenda mbugani hupaa na kutua mchana kutwa. Ndege zinazoongozwa kutoka mbali ziko chini ya kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kwa hiyo ulizia kibali huko kwanza, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha usirushe kabisa. Ukishapata kibali, tafuta shamba lililovunwa lililo mbali na viwanja vya ndege, nyaya za umeme na njia za watu, kwa ruhusa ya mwenyewe na serikali ya kijiji. Nenda alfajiri ikishapambazuka, usimame jua likiwa mgongoni. Kuanzia saa nne hivi ardhi huwa imepata joto, upepo huanza kupanda kuelekea Meru, na ndege ya gramu 600 huchukuliwa kama karatasi.