Paja la kulia limejaa, la kushoto limepwaya

SWALI: Kocha habari. Wikendi huwa tunapiga baiskeli na wenzangu Nakuru mpaka Naivasha. Juzi nimevaa kaptula ya kubana wife akacheka eti mguu wa kulia umejaa kuliko wa kushoto, nikapima kweli, paja la kulia limezidi karibu sentimita 2. Na kwenye mlima nasikia wa kulia ndio unabeba kazi yote. Wa kushoto niliwahi kuvunjika zamani nikafungwa plasta. Sasa nikanyage na wa kushoto peke yake mpaka ilingane ama? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Kwanza tulia ndugu yangu, miguu inayolingana kabisa hakuna mtu anayo, hata wife umpime utakuta. Alafu rudia kupima: hesabu sentimita 15 juu ya pia ya goti, weka alama ya peni miguu yote miwili, upime msuli ukiwa umelegea, kwa sababu ukipandisha futi kidogo tu paja linaongezeka na wengi wanaogopeshwa na upimaji wao wenyewe.

Lakini wewe una plasta kwenye hadithi yako so mimi naamini iko kitu. Msuli ukifungwa wiki chache tu unaisha, mfupa unaunga vizuri lakini mwili umeshazoea kuegemea upande mzima, na baiskeli inakusaidia kuficha maana pedali zote ziko kwenye ekseli moja, wa kulia ukisukuma chini wa kushoto unapandishwa bure. Mguu unaweza kutegea hivyo miaka na miaka na kilomita unazipiga. Ndio maana kuongeza safari hakutakusaidia.

Chris Froome mnamjua, huyu aliyezaliwa Nairobi akashinda Tour de France mara 4. Juni 2019 akiwa kwenye mbio za Dauphiné aligonga ukuta akavunja paja la kulia, nyonga, kiwiko na mbavu. Baadaye alipopimwa Marekani mguu wa kulia ukaonekana bado uko nyuma ya wa kushoto, na huyo ni mtu analipwa kuendesha! Ikabidi arudi kwenye vyuma.

Kukanyaga na mguu mmoja mimi siipendi. Bila mguu wa pili kusukuma upande ule, kazi kubwa inakuwa ni kuvuta pedali juu, unachosha misuli ya mbele ya nyonga na paja ulilotaka linabaki vile vile. Panda benchi na mguu mmoja, kaa kwenye kiti na usimame na mguu mmoja, mara 2 kwa wiki. Anza na wa kushoto, ukichoka kwenye 8 basi wa kulia nao ufanye 8, usiuache ujionyeshe. Ni kazi ya miezi hiyo, usinipigie wiki ijayo.

Ukiwa na pawa mita, kile kifaa cha baiskeli kinachopima nguvu unayokanyagia, na inasoma asilimia 48 kushoto kwa 52 kulia wala usihangaike. Ile inayopima upande wa kushoto tu na kuzidisha mara mbili ndio itakudanganya, wewe itakuonyesha dhaifu kuliko ulivyo. Pia mfupa uliovunjika unaweza kuunga ukiwa mfupi kidogo, so kama siti inakuchubua upande mmoja ama nyonga zinayumba, muone mtu wa fiziotherapia apime urefu kabla hujashusha siti.

Shavu la mguu mmoja likivimba ghafla, liwe na joto na liume, nenda hospitali siku hiyo hiyo, inaweza kuwa damu imeganda. Unyayo ukifa ganzi ama ukiburuta, angalia mgongo. Na iko hii ya waendesha baiskeli hasa: mguu unakufa ukipanda kwa nguvu, ukipumzika dakika chache unarudi, mshipa wa damu wa kwenye nyonga umebanwa. Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa alifanyiwa opareshini ya hiyo 2019, na 2024 akachukua dhahabu ya Olimpiki. Ukienda kwa daktari na dalili hii mwambie akupime ukiwa umetoka kukanyaga kwa nguvu, maana ukilala tu kitandani mguu unaonekana mzima kabisa na utarudishwa nyumbani na dawa za maumivu.