Usionyeshe sehemu zote tatu za The Skulls usiku mmoja

Mkuu, zuia tangazo hilo kabla halijabandikwa. Umeandika kwamba klabu yenu ya filamu chuoni imekodi ukumbi na projekta ili kuonyesha The Skulls, filamu ya Kimarekani kuhusu chama cha siri chuoni, pamoja na sehemu zake mbili zilizofuata kwa usiku mmoja, kisha ukauliza zipangwe vipi, manukuu ya Kiswahili yanapatikana wapi na kiingilio kiwe kiasi gani. Kuhusu mpangilio, jibu langu ni kwamba onyesha ya kwanza peke yake, au usionyeshe yoyote kati ya hizo.

Usiku wa namna hiyohiyo niliuandaa mimi, kwa fedha za klabu, baada ya kumsikiliza muuza DVD aliyeniapia kwamba ni kisa kimoja kinachoendelea na kwamba kila kilichomo kilitokea kweli. Yote mawili yalikuwa uongo. Ya kwanza, iliyoongozwa na Rob Cohen mwaka 2000, ilioneshwa katika majumba ya sinema ikiwa na Joshua Jackson na Paul Walker. Ya 2002 na ya 2004 zilitolewa moja kwa moja kwenye video zikiwa na waigizaji wakuu wengine, na kinachoziunganisha na ya kwanza ni chama chenyewe na mazoea ya kuficha maiti. Watazamaji waliokuja kwa ajili ya Paul Walker walimsubiri katika sehemu ya pili, nami, kwa kuwa nilikwisha kuahidi makubwa kwenye tangazo, nikawaomba wavumilie. Walioanza kutoka walisema wana mtihani asubuhi, ingawa ilikuwa likizo. Sehemu ya tatu tuliimaliza mimi na mlinzi, ambaye alibaki kwa sababu funguo za ukumbi zilikuwa mikononi mwake. Kwa haki yangu niseme kwamba sauti ilisikika vizuri sana. Nilipomrudia yule muuzaji akanijibu kwamba tatizo ni watazamaji wangu kutojua sinema, na mpaka leo sijaelewa mtu anapata wapi ujasiri wa kumwambia hivyo mteja aliyekwisha kulipa.

Kanuni niliyotoka nayo ni hii: filamu ya chama cha siri chuoni ichague kwa kuangalia chama kinampa nini mwanachama na baadaye kinamdai nini, wala usihesabu maiti. Tazama nusu ya kwanza ya The Skulls. Luke McNamara ni kijana asiye na kitu, mpiga makasia hodari, na mara tu anapokubaliwa fedha zinaingia katika akaunti yake, huku chapa aliyochomwa mkononi ikifichwa na saa aliyopewa na chama. Hapo mtazamaji anaogopa kwa sababu yeye mwenyewe angekubali. Rafiki yake Will, mwandishi wa gazeti la wanafunzi, anapokufa na kifo hicho kuitwa kujinyonga, bado deni linafanya kazi, kwa maana Luke anajua kunyamaza kwake kumeshalipiwa. Baadaye yanakuja mafukuzano na pambano la bastola, na woga wote unayeyuka. Sehemu ya pili na ya tatu zilianzia pale ya kwanza ilipoharibikia.

Kuhusu dai la muuzaji kwamba yalitokea kweli, kundi la siri lililotoa wazo la filamu hiyo, Skull and Bones la Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani, lilianzishwa mwaka 1832, na kwa kawaida huchagua wanafunzi 15 kila mwaka. Linalotisha kwangu ni jambo lililo wazi: mwaka 2004 wagombea wote wawili wakuu wa urais wa Marekani, George W. Bush na John Kerry, walikuwa wanachama wake. Hakuna anayehitaji kuzama kisimani kutafuta siri wakati ndoo imejaa mbele yake.

Kama klabu yenu inataka mjadala utakaowazuia watu kwenda nyumbani, chukueni The Riot Club ya 2014, iliyoongozwa na Lone Scherfig kutokana na tamthilia ya Laura Wade. Ni vijana kumi wa klabu ya matajiri katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, wanaoagiza mlo katika baa ya kijijini, wanavunja chumba, wanampiga mwenye baa, na muda wote wanaamini kwamba kila kitu kina bei na bei hiyo wanayo. Hakuna jengo la siri wala mapango, na mwishoni aliyebebeshwa lawama anapokewa na mzee wa klabu hiyo aliye mwanasiasa, akiahidiwa kwamba atashikwa mkono. Wanafunzi wenu watabishana hadi usiku wa manane.

The Good Shepherd ya Robert De Niro, ya 2006, inaitimiza kanuni yangu vizuri zaidi: wanachama wa Skull and Bones humtaka kijana awaambie siri yake, naye kijana huyo, anayeigizwa na Matt Damon, anaweka rehani habari ya kifo cha baba yake, kisha anaishia ndani ya ujasusi akiwa amezungukwa na watu walewale. Lakini inachukua karibu saa tatu, na mlinzi wa ukumbi naye ana familia.

Basi badilisha jina la filamu kwenye tangazo leo, na zile DVD mbili za ziada mrudishie aliyekuuzia kabla hajaanza kukwambia kwamba hujui sinema.