Fundi Anajibu: Mazabodi inasingiziwa

SWALI: Shikamoo fundi. Nina steshenari hapa Lindi mjini. Kompyuta yangu ni ya mezani, ya mtumba, ya siku nyingi. Juzi jioni umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Asubuhi nabonyeza, kimya: taa hakuna, feni haizunguki. Kijana aliyekuja kuitazama hata kifuniko hakufungua, akasema mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, imeungua nitafute nyingine. Na humo ndani kuna mitihani ya shule mbili! Nifanyeje?
Mama Steshenari, Lindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na mitihani, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi. Imo kwenye hadi diski, yaani kile kifaa kinachotunza mafaili, na hata mazabodi ikifa kabisa, diski inachomolewa, inaunganishwa na kompyuta nyingine kwa adapta ya USB, mafaili yanatolewa. Mara nyingi yanatoka salama.

Kuhusu huyo kijana, sina la kusema zaidi ya kwamba mazabodi haihukumiwi kifuniko kikiwa kimefungwa. Mashine isiyoonyesha hata taa mimi naanzia ukutani. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile, bila ekstensheni. Kisha chukua waya wa umeme wa monita uuchomeke kwenye kompyuta. Kwa kawaida zinaingiliana. Ikiwaka, mbaya ni ule waya wa zamani au fyuzi ya kwenye plagi yake. Nyuma, panapoingia waya, mashine nyingine zina kiswichi chekundu cha volti 115 na 230. Kiwe kwenye 230, basi. Ukikipeleka 115 kwa kujaribu, utasikia mlio mmoja tu na harufu.

Bado? Chomoa waya, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, iache kama dakika kumi, rudisha. Pawasapulai, yaani kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme, nyingi zina kinga inayojifunga umeme ukirukaruka, na haifunguki mpaka ikose umeme kabisa. Kwa kisa kama chako, hapa naweka matumaini makubwa.

Ikigoma, chomoa tena, fungua kifuniko, washa tochi, utafute mjusi. Sitanii. Wanapenda joto la humo. Kuna mashine ya Mikindani niliyomkuta amekauka chini ya mazabodi, mkia umelalia miguu miwili iliyochomelewa kwa risasi, pale pamekuwa peusi. Nikasugua kwa mswaki na spiriti, ikakauka, ikawaka. Usihangaike kufuta ramu, ile kadi ya kumbukumbu, kwa kifutio kama wanavyokufundisha mtaani. Mara nyingi ramu chafu inakuachia skrini nyeusi huku feni inazunguka, na yako haizunguki.

Sasa rudisha waya, usiguse kitu ndani, angalia kama kuna kitaa kwenye mazabodi. Bodi nyingi zinacho. Kikiwaka, umeme unaingia, basi mshuku kitufe chenyewe. Chumvi ya bahari yetu inakila taratibu. Fundi atagusanisha kidogo pini mbili zinazotoka kwenye kitufe, na mashine ikiamka, umenunua kitufe tu.

Kisipowaka, mgonjwa huenda ni pawasapulai. Fundi apime kwa mita waya wa zambarau kwenye plagi kubwa ya mazabodi, kompyuta ikiwa imechomekwa ila haijawashwa: inatakiwa volti 5, isishuke chini ya 4.75. Hakuna kitu? Badilisha pawasapulai, na uende dukani na ile ya zamani mkononi, kwa sababu mashine za ofisi za mtumba mara nyingi zina umbo lake na plagi yake. Usiifungue wewe, kapasita ya ndani, inayotunza umeme, inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata ukishachomoa.

Zambarau ikiwa nzima na bado kimya, chomoeni diski na kadi za ziada, mjaribu tena. Ikigoma hapo, ndipo tuanze kuizungumzia mazabodi.

SWALI: Fundi, betri ndogo ya mazabodi ikiisha, kompyuta inaweza kukataa kuwaka?
Msomaji, Masasi

JIBU: Ni mara chache. Dalili yake ni saa na tarehe kurudi nyuma kila ukizima. Hiyo ni CR2032 ya volti 3, hata duka la saa wanayo. Badilisha, lakini usiitegemee ikufufulie mashine iliyozima kabisa.