Kitambaa Mwisho: Kwa Unayeanza Kushona Viti vya Gari la Zamani

Wengi wanaoniuliza habari za viti vya magari ya zamani huanza na rangi. "Nataka krimu, mshono mwekundu." Namwuliza: springi zako umezitazama? Anakaa kimya. Simlaumu, nami nilianza hivyohivyo.

Niliachiwa na mjomba Volkswagen Beetle iliyokuwa imelala miaka mingi chini ya mwarobaini huko Temeke. Viti vilikuwa vimepasuka na panya walishapangisha mle ndani. Nikavipeleka kwa fundi mmoja wa mtaani, na baada ya wiki vikarudi vinang'aa. Miezi minne baadaye nilikuwa nakalia chuma. Nilipofumua nikakuta vipande vya godoro vilivyounganishwa kwa gundi, springi mbili zimekatika na hazikuguswa, na vile vilivyokuwamo mwanzo vimetupwa. Hapo ndipo nilipoamua kuvishona mwenyewe, uani nyumbani. Haya ninayoandika nimeyapata kwa kuharibu.

Viti vya Beetle za zamani havikujazwa sponji tu kama unavyodhani. Chini kuna springi. Juu ya springi kuna gunia, na juu ya gunia mkeka mnene wa nyuzi, ama manyoya ya farasi ama makumbi ya nazi, zilizonyunyiziwa utomvu wa mpira zikashikamana. Hufuata pamba nyembamba, halafu ndiyo ngozi bandia, ambayo mafundi wetu huiita leza hata kama haijawahi kumgusa ng'ombe. Ndiyo, makumbi. Yaleyale ambayo watu wa Unguja huyafukia kwenye tope la pwani miezi kadhaa ili wasokote kamba. Mkeka huo unapitisha hewa, na kwa jua la Dar hilo si jambo dogo. Ukiukuta mzima usiutupe. Uanike, upige vumbi lake ukiwa umefunga kitambaa puani, na palipomomonyoka pajazie.

Kiti cha pili nilikibeba hadi Keko, kwa mzee mmoja anayetengeneza makochi. Nikamwamkia. "Marahaba. Umeleta kiti au umeleta kitambaa?" Nikamwonyesha leza mpya niliyoikumbatia kwapani. Hakuitazama. Alikigeuza kiti, akaweka kiganja juu ya springi, akabonyeza taratibu kutoka kona hadi kona kama daktari anayepima tumbo la mtoto. Mahali pamoja mkono ukazama. "Huyu mgonjwa. Unataka kumvika suti kwanza?"

Tangu siku hiyo huanza na kiganja. Springi iliyokatika usiichomelee. Chuma chake kimepikwa ili kirudi kikibonyezwa, na moto wa kuchomelea huua ule urudi wake. Itakatika tena pembeni ya pale ulipochomea. Tafuta kiti kilichokufa, ng'oa springi inayolingana, ifunge kwa waya mgumu. Panapogusana chuma kwa chuma zungushia kitambaa, la sivyo kiti kitalia kila ukipita tuta. Kutu usiionee haya: brashi ya waya, msasa, kisha rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Hewa yetu ina chumvi ya bahari, na fremu iliyoachwa tupu wakati wa masika haichukui muda kuwa nyekundu.

Halafu gunia. Tumia la katani au la juti, lile la nyuzi. Kiroba cha plastiki kinalia kikisuguana na waya, tena kinachanika. Kazi ya gunia ni kuzuia springi zisiikate sponji. Mafundi wengi wa haraka huliruka kwa sababu mteja haoni.

Sasa sponji, maana mikeka ya makumbi ya kiti changu cha kwanza ilishatupwa na ilinibidi ninunue. Hapa ndipo watu huibiwa. Muuzaji atabonyeza kwa dole gumba, atakwambia, "Hii ngumu, kaka, hii haizami." Ugumu na uzito ni vitu viwili tofauti. Sponji nyepesi inaweza kuwa ngumu leo, ikabonyea baada ya miezi michache. Wewe pima. Kata au omba kipande cha sentimita 50 kwa 50, unene sentimita 10, ukiweke kwenye mizani ya duka la jirani. Kikiwa na gramu 750, hiyo ni kilo 30 kwa mita moja ya ujazo. Kikifika kilo moja na robo, hiyo ni kilo 50. Pa kukalia mimi sishuki chini ya 35. Pa kuegemea panavumilia nyepesi zaidi. Kata sponji iizidi kava kidogo, kama sentimita moja kila upande, ili kava lijae. Sponji iliyokatwa sawasawa na kava huzaa makunyanzi.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, kuna kufumua kava la zamani. Nasema kufumua. Sikusema kuchana. Kava bovu ndilo mwalimu wako pekee na ndiyo ramani yako. Shughulikia kiti kimoja kwa wakati, cha pili ukiache kizima kama kilivyo uwe unakichungulia. Piga picha nyingi, hasa za chini na za kona. Kila kipande kiandike namba kwa kalamu ya wino mzito kabla hujakitenganisha, chora mshale unaoonyesha upande wa mbele, na kwenye mshono piga alama zinazovuka vipande vyote viwili kila baada ya sentimita 10 hivi. Alama hizo ndizo zitakazokwambia baadaye kwamba vipande vimekutana pale vilipokuwa. Ukishafumua kwa wembe, lalisha kila kipande juu ya boksi la kadi, kichore, ongeza sentimita moja na robo ya mshono kama ya zamani imeliwa. Leza ya miaka 50 imevutika upande mmoja na kusinyaa mwingine, kwa hiyo kunja kielelezo hicho cha kadi katikati uone kama pande zinalingana. Zisipolingana, tafuta wastani.

Leza nilinunua Kariakoo. Roli nyingi zina upana wa inchi 54, na mita saba zilitosha viti viwili vya mbele pamoja na cha nyuma, kikabaki kipande. Nunua yote siku moja kutoka roli moja, kwa kuwa nyeusi ya leo na nyeusi ya wiki ijayo si ndugu. Geuza nyuma uone kitambaa kilichoibeba, kisha ivute urefu na upana ujue inanyumbuka wapi.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye kukata. Nilitoa ubavu wa kushoto, nikaona umetoka vizuri, nikauwekea kielelezo kilekile nikatoa wa kulia. Jioni, nikiwa na chai mkononi, nikagundua nina mbavu mbili za kushoto. Kwa kitenge chepesi ungegeuza tu. Leza ina uso mmoja. Nikapanda daladala kurudi Kariakoo kununua mita nyingine, nikiomba Mungu roli iwe bado ipo. Ilikuwapo. Siku hizi kila kielelezo nakiandika pande zote mbili: uso huu kushoto, uso huu kulia.

Cherehani ya nyumbani inaweza, ila ina mipaka. Matabaka mawili ya leza inapita. Kwenye ile kamba ya ukingoni, paipingi kwa lugha ya mafundi, yanafika manne, na hapo zungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, usiikanyagie. Weka sindano namba 18. Uzi uwe wa poliesta, maana nailoni hupenda kuchoka kwa jua. Hatua ya mshono iwe milimita nne au tano. Nilipoanza nilishona hatua ndogondogo nikidhani ndiyo uimara, na siku mama alipokaa kwa nguvu, kiti kikachanika pale pale kwenye mstari wa matundu, kama stempu. Leza haisamehi tundu: ukifumua, matundu yanabaki yakikutazama. Kwa sababu hiyohiyo usitumie pini, shika vipande kwa vibanio vya kuanikia nguo. Mguu wa cherehani ukinata, tandika karatasi juu, shona, kisha ichane uitoe.

Ile mistari ya asili kwenye viti vya Beetle ilibanwa kiwandani kwa joto, haikushonwa. Nyumbani utaishona juu ya sponji nyembamba. Haitafanana kabisa, na atakayeinama kuhesabu hilo muulize amepanda gari lako au amekuja kulikagua.

Gundi ya viatu hupakwa pande zote mbili, ikaachwa mpaka isinate kidoleni, ndipo unapobandika. Ipakie nje, mbali na jiko la mkaa. Mvuke wake unawaka, na kichwa kitakuuma.

Kuvika ndiyo siku ya jasho. Usinunue mashine ya joto, unalo jua. Saa sita mchana anika kava juani nusu saa, leza italainika kama chapati iliyotoka kikaangoni. Sponji ifunike kwanza kwa nailoni nyembamba ili kava liteleze, ukimaliza unaivuta itoke. Zamani ilikuwa mifuko ya dukani, ila tangu ilipopigwa marufuku Juni 2019 nanunua nailoni ya mita. Fremu ya Beetle ina meno ya chuma pembeni kwa chini, ndiyo yanayoshika ukingo wa kava. Anza katikati mbele, nenda katikati nyuma, kisha kushoto na kulia. Kona ziwe za mwisho. Ukianza na kona utafika katikati na mfuko wa hewa usio na pa kwenda. Vaa glavu, meno hayo yalinichana kidole gumba mara mbili. Makunyanzi madogo yaliyobaki usiyakimbilie na pasi. Kiache kiti juani siku mbili tatu, mengi yatajinyoosha.

Kama gari lako ni la kisasa lenye mfuko wa hewa ubavuni mwa kiti, ule unaofumuka gari likigongwa, mpelekee anayeijua mifuko hiyo. Haya yangu hayakuhusu.

Na kabla hujarudisha kiti cha nyuma cha Beetle, inua tochi uangalie kulia, chini. Betri ipo pale, chini ya makalio ya abiria. Springi zako ulizozinyoosha vizuri zinaning'inia juu ya vichwa vyake vya kufungia nyaya, na juu ya springi kuna gunia kavu. Mtu mzito akikaa, chuma kikagusa vichwa viwili, utaanza kunusa moshi. Kifuniko cha betri changu kilipotea zamani, kwa hiyo nilikata mpira wa ndani wa tairi la lori, nikaufunga juu ya betri kwa mkanda. Kisha nikamwita jirani yetu mwenye mwili, akakaa, akarukaruka, mimi nimelala chini na tochi natazama.