Printa moja, kompyuta tatu zisizoelewana: tulivyomaliza shida hii nyumbani Nyegezi

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa muda mrefu wiki ya mitihani nyumbani kwetu ilikuwa wiki ya mahangaiko. Saa tatu usiku amemaliza kutunga maswali kwenye laptopu yake, printa iko mezani na karatasi zipo, lakini laptopu na printa hazijuani. Anahamishia faili kwenye flashi, anawasha kompyuta ya mezani ya zamani, anakuta majedwali yamevurugika kwa sababu Word ya kule ni ya miaka mingi, anarudi kurekebisha upya. Mara mbili aliamka alfajiri apeleke flashi stesheneri pale Nyegezi Kona kabla ya kengele ya kwanza, huku printa yetu nzima ikibaki nyumbani. Iliniuma, ndiyo maana nikalivalia njuga jambo hili mpaka likaisha. Naandika ili mwenye shida kama yangu asipoteze wiki tatu nilizopoteza mimi.

Vifaa vyetu vilikuwa hivi. Printa ni ya leza, nyeusi na nyeupe, tuliinunua mjini ikiwa imeshatumika. Haina waifai, ina tundu la USB tu. Kompyuta ya mezani ilikuwa na Windows 7 ya biti 32, yaani aina ya zamani kuliko ya biti 64. Laptopu ya mke wangu ina Windows 11, ambayo ni ya biti 64 tu. Mdogo wangu, anayesoma chuo kule Malimbe na kukaa kwetu, anatumia Ubuntu, mfumo wa bure wa familia ya Linux unaochukua nafasi ya Windows.

Nilianza na njia ambayo kila mtu huanza nayo: kushea printa kutoka kwenye kompyuta ya mezani. Laptopu iliiona printa vizuri kabisa kwenye mtandao, kisha ikadai draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa. Kule kwenye kompyuta ya mezani kuna kitufe cha "Additional Drivers" kinachokuruhusu kuweka draiva ya biti 64 kwa ajili ya wageni, ila lazima uwe nayo mkononi. Mtengenezaji wa printa yetu aliishia kwenye biti 32 akaachana na modeli hiyo. Windows ya biti 64 haikubali draiva ya biti 32, hata ubembeleze vipi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ninalotaka ulikwepe. Nilianza kutafuta draiva kwenye tovuti zinazodai kuwa na draiva za kila printa duniani. Nilishusha faili tatu. Moja haikufanya lolote. Ya pili ilikuwa ya modeli nyingine. Ya tatu iliingiza programu ya matangazo kwenye laptopu yenye mitihani ya watoto, nikakesha nikiisafisha. Draiva ichukue kwa mtengenezaji mwenyewe, au kwenye hazina ya Linux unayotumia. Kama haiko huko, acha kuitafuta.

Kilichonifungua macho ni kuelewa draiva inafanya kazi gani hasa. Ni mkalimani. Programu yako inasema "chapa ukurasa huu", na draiva inaugeuza ukurasa kuwa lugha ambayo printa inaielewa. Printa nyingine zina akili yao zenyewe na zinajua lugha zinazotumika kila mahali, kama PostScript ya Adobe ya tangu miaka ya 1980, au PCL. Lakini printa nyingi za bei nafuu hazina akili hiyo: kompyuta ndiyo inayochora kila nukta, printa inamwaga wino tu. Kwa printa za aina hii draiva ni kila kitu, na yetu ni ya aina hii.

Sasa, kama shida ni ukalimani, kwa nini kila kompyuta iwe na mkalimani wake? Inatosha kompyuta moja inayoijua printa. Nyingine ziitumie kazi kwa lugha ambayo zote zinaijua, yenyewe ifanye kazi ya kutafsiri.

Tukaifuta Windows 7 kwenye ile kompyuta ya mezani. Ilikuwa imeacha kupata masasisho ya usalama tangu Januari 2020, kwa hiyo sikuona hasara. Tukaweka Debian, nayo ya familia ya Linux, ambayo haihitaji mashine yenye nguvu. Kabla hujafuta chochote, ingia kwenye orodha ya OpenPrinting, tovuti inayoonyesha printa zinazofanya kazi na Linux, utafute modeli yako. Kama Linux haina draiva yake, njia hii si yako, nenda kwenye ile ya folda nitakayoieleza. Yetu ilikuwepo. Draiva hiyo iliandikwa na watu wa kujitolea, na nawashukuru kwa moyo wote, kwa sababu wameipa uhai mashine ambayo mtengenezaji wake aliisahau.

Kazi yote ya kuchapa kwenye Linux inasimamiwa na CUPS, programu ya Michael Sweet iliyotoka mwaka 1999, ndiyo hiyohiyo iliyomo ndani ya kompyuta za Apple. Ukishaiweka, fungua kivinjari kwenye kompyuta hiyo, andika localhost:631, ongeza printa, ipe jina fupi lisilo na nafasi. Sisi tuliiita Nyumbani. Kisha, ili kompyuta nyingine ziione, andika kwenye dirisha la amri:

sudo cupsctl --share-printers

Ubuntu ya mdogo wangu iliiona hapohapo bila kuulizwa. Kwenye Windows kuna kazi kidogo. Washa "Internet Printing Client" kwenye orodha ya vipengele vya Windows. Halafu ongeza printa kwa kuandika anwani yake, kwa mfano http://192.168.1.50:631/printers/Nyumbani, ukibadilisha namba ziwe za kompyuta yako. Ikikuuliza draiva, usichague ya printa yako. Nenda kwenye "Generic", chagua "MS Publisher Color Printer". Jina hilo linachanganya, maana printa yako haina rangi, lakini ile ni draiva ya PostScript tu. Laptopu inatuma PostScript, Debian inaipokea na kuigeuza kuwa lugha ya printa. Ukurasa wa kwanza ulipotoka mke wangu aliushika akausoma wote, ingawa ulikuwa ukurasa wa majaribio.

Simu nazo zikaanza kuiona printa zenyewe, kwa sababu CUPS ikishirikiana na programu ya Avahi hujitangaza kwa njia ileile ya AirPrint, teknolojia ya Apple ya kuchapa bila kuweka draiva. Hilo sikulitarajia.

Kuhusu mtandao, nataka niseme kwa msisitizo, kwa kuwa majirani wengi wananiuliza: kuchapa hakuli bando. Unahitaji mtandao wa ndani, si intaneti. Nyumba nyingi hapa Mwanza waifai ni hotspoti ya simu ya baba. Baba akitoka kwenda Kirumba kununua dagaa, mtandao umeondoka naye, na akirudi namba za anwani zimebadilika. Tafuta rauta yoyote ya zamani, hata isiyo na laini. Ichomeke kwenye umeme, unganisha kompyuta zote, kisha kwenye mipangilio yake itengee kompyuta yenye printa anwani moja ya kudumu. Usipofanya hivyo, wiki ijayo Windows itakuambia printa haipo, na utadhani kila kitu kimeharibika.

Nilikaribia kununua Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, ifanye kazi hii, kwa kuwa haili umeme. Bahati nzuri nilisoma kwanza. Printa kadhaa zina draiva ya Linux iliyofungwa, yaani msimbo wake haujatolewa hadharani, iliyotengenezwa kwa ajili ya prosesa za Intel na AMD tu, na prosesa ya Raspberry Pi ni ARM, haiwezi kuiendesha. Kama draiva ya printa yako ni ya wazi, inunue bila hofu. Kama imefungwa, laptopu kuukuu yenye kioo kilichopasuka itakufaa zaidi.

Na kama hakuna draiva ya Linux kabisa, basi iache kompyuta ya zamani na Windows yake, usiiingize kwenye intaneti, na tengeneza folda moja ya kushea. Kila mtu ahifadhi kazi yake kama PDF na kuitupia humo, kisha mtu mmoja aifungue kule na kuichapa. Ni njia ya mikono, lakini PDF haivurugi majedwali kama Word ilivyokuwa ikitufanyia.

Unayekwenda kununua leo, usiulize bei peke yake. Uliza kama inajua PostScript au PCL, au kama ina AirPrint. Ikiwa na mojawapo, sehemu kubwa ya makala hii hutaihitaji.

Limebaki suala la umeme. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS ndogo (kile kifaa chenye betri cha kushikilia umeme ukikatika), maana inapopasha joto inavuta umeme mwingi kwa ghafla. Kwenye BIOS ya kompyuta yake, ile mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapoanza kuwaka, weka mpangilio wa kujiwasha umeme unaporudi. Na kwenye CUPS badilisha sera ya makosa iwe "retry-job", kwa sababu isipokuwa hivyo, printa ikichelewa kuitikia foleni nzima husimamishwa na utalazimika kuifungua kwa mkono.

Muhula uliopita umeme ulikatika mke wangu akiwa amechapa nusu ya mtihani wa darasa la nne. Tukalala. Saa nane usiku taa ya sebuleni ikawaka, nikasikia printa ikijipasha, na muda si mrefu karatasi zikaanza kutoka. Alitaka kuamka, nikamwambia alale tu, zitamkuta asubuhi.